Taarifa ya Habari ya Mama Chuma

Wifi yangu hakuwa mtu wa kudanganywa kirahisi. Muuza nyanya akificha mbovu chini ya nzima, yeye hupindua ndoo yote mbele za watu. Alikuwa mkaguzi kwenye kiwanda cha mashati mpaka walipomstaafisha: shati linapita mbele yake, anatazama kola, vifungo, mishono ya kwapa, na likiwa na kasoro analitupa kapuni bila kuuliza limeshonwa na nani. Nyumbani ilikuwa hivyo hivyo. Nilipohamia kwao, kwake na kaka yangu, baada ya mume wangu kufariki, siku ya kwanza tu alinirudishia masufuria. "Wifi, hapa tunasugua na nje." Nilinuna mpaka jioni, kisha nikampenda.

Starehe yake ilikuwa moja tu, taarifa ya habari kwenye kebo. Habari ikianza, hakuna ruhusa ya kukohoa. Alikuwa akibishana na TV kama mtu aliye sokoni: "Mwongo huyo! Muulize barabara iko wapi!" Na msomaji akiaga, yule kijana mwenye sauti nzito, wifi humjibu, "Nawe pia, baba, ulale salama."

Kisha kitinda mimba wao akaleta kisanduku cha intaneti, kidogo kama kipande cha sabuni. Akakichomeka nyuma ya TV, akamfundisha baba yake, akarudi zake kazini mji mwingine. Kaka yangu ni fundi friji, na chochote chenye waya ni rafiki yake. Akawa anatazama mechi za enzi za ujana wake na kushangilia mabao ambayo hata walioyafunga wameshazeeka. Nyumba ikawa na rimoti mbili na ugomvi mmoja. Ukitaka kisanduku unabonyeza huku, ukitaka kebo unarudi kule; ukikosea, skrini inakuwa bluu tupu na kaka anaitwa kutoka bafuni na povu masikioni. Wifi alikisusa. "Hicho kinaonyesha yaliyokwisha," alisema. "Mimi nataka ya leo."

Kiharusi kilimkamata akianika nguo. Mkono na mguu wa kulia vikafa ganzi. Akili ilibaki, na ulimi pia, ingawa maneno yalitoka yakiburuta. Daktari alituita kando: mshtuko mwingine mkubwa, na tutampoteza. Tukamnyang'anya simu ili apumzike, tukahamishia TV chumbani mbele ya kitanda chake.

Hakuwa bado amezoea kushika kijiko kwa mkono wa kushoto, Chuma akafa.

Chuma ndiye mwanawe wa kwanza. Alikuwa mchomeleaji, jina alipewa na wenzake kazini, likashika mpaka na mama yake akawa Mama Chuma. Alikuwa juu ya ghorofa linalojengwa, mbali na sisi, na ghorofa likaporomoka. Simu tulipigiwa asubuhi. Jioni kebo yote ilikuwa ni jengo lile, vifusi, machela, sura za waliokufa. Na wifi yuko kitandani anaita, "Baba Chuma, mbona huwashi? Habari zinaanza."

Jamani, mgonjwa hapewi habari ya kifo mpaka apate nguvu, hilo kila mtu analijua. Lakini wagonjwa waliofichwa zamani hawakuwa na TV miguuni pao.

Kaka akawasha kisanduku. Mchana kutwa alikuwa ametafuta taarifa ya kabla ya ajali, msomaji yule yule, muziki ule ule. Tarehe iliyo kwenye kona ya skrini aliiziba kwa utepe mweusi wa umeme. "Kioo kimeanza kuoza hapo," akamwambia mkewe, "nimeziba kisienee." Fundi mzima, kioo kinaoza! Nilitoka nje nisije nikaangua kicheko au kilio, maana sikujua kipi kilikuwa karibu.

Toka hapo kebo ikawa ya mapishi, katuni na tamthilia. Ikikaribia saa ya habari kaka huingia kana kwamba anamtengenezea mto, akahamishia kwenye kisanduku. Nilimwambia atafute taarifa nyingine, asirudie ile ile. Alijaribu. Lakini ili kuhakikisha ni salama ilibidi azitazame mpaka mwisho, na kila alipoona gari la wagonjwa alizima. Moja tu aliijua yote: bei ya mbolea, daraja linafunguliwa, mbwa ameokolewa kisimani. Basi ikawa hiyo kila jioni. Sikuwa na ubavu wa kumlaumu mtu aliyekwenda kumzika mwanawe akaaga kwamba anafuata kompresa ya friji.

Msiba wenyewe tuliuweka kwa jirani, mama fundi cherehani, Mungu ambariki. Watu walikuja wakaketi, wakalia wameziba midomo kwa nguo. Kupitia dirishani wifi akaona viti vikipitishwa. "Nani kafiwa?" Nikajibu ni jirani, kafiwa na mjomba wake. Akaniamuru nichukue sukari kabatini kwake niipeleke. "Mwambie ningekuwa na miguu ningekuja kulia naye." Niliibeba ile sukari, nikafika uani kwa jirani, nikaketi mchangani nimeikumbatia. Nyumbani nililia bafuni bomba likiwa wazi, kisha nikatoka nikagombana na mtu yeyote aliyekuwa karibu. Watu husema mimi mkali. Hasira ndiyo iliyonisimamisha wakati ule.

Wiki zikapita, wifi akaanza kunyamaza. Aliacha kumjibu msomaji. Mbwa akitolewa kisimani, yeye anafumba macho. Zamani aliuliza kila siku kwa nini Chuma hapigi simu, nasi tukimjibu kwamba huko aliko hakuna mtandao. Sasa akaacha kuuliza hilo pia. Kaka akafurahi.

"Unaona? Anatulia."

"Anatulia au anazimika?"

"Dada, una mdomo wewe."

Nina mdomo, ndiyo. Na nilikuwa na macho vilevile. Nilimwona anavyotutazama tukitazama TV, kwa kuibia, kama mtoto aliyevunja kitu na hajagunduliwa.

Asubuhi moja nilikuwa namfuta mgongo kwa kitambaa cha maji ya moto. Akanishika mkono.

"Wifi, nina neno. Kaka yako asilisikie."

"Sema."

"Yamenipata ya mama."

Nilielewa papo hapo. Mama yake alikufa amesahau kila kitu. Mpaka siku ya mwisho alimwita binti yake "wewe nesi". Hakuna jambo wifi aliloliogopa duniani kama hilo.

"Kila jioni naona habari zile zile," akasema, akivuta maneno moja moja. "Mbolea, daraja, mbwa. Mnakaa hapa mnatazama, mnaitikia, mnaona mapya. Mimi peke yangu naona ya jana. Nikasema ngoja nijipime, nishike tai ya yule kijana ilivyofungwa, kesho niilinganishe. Ni ile ile, wifi. Nikajua kasoro haiko kwenye TV, iko kichwani mwangu. Nalala naogopa, naamka naogopa. Nimeacha kuuliza maswali ili msinigundue."

Kitambaa kiliniponyoka.

"Na Chuma asiambiwe. Namjua mwanangu, ataacha kazi aje akae na mama kichaa. Mwacheni. Niahidi, wifi."

Sikuahidi. Nilisema maji yamepoa, naleta mengine. Kaka alikuwa uani amepiga magoti nyuma ya friji ya mtu. Nikamweleza yote, neno kwa neno, na sikumpunguzia.

"Nikimwambia ataanguka," akasema. "Daktari alisema."

"Daktari hakusema tumtie wazimu!"

"Nilikuwa namlinda."

"Najua, kaka. Lakini mficha maradhi kilio humfichua, na kilio chenyewe tumeshakilia sote kwa jirani, kasoro yeye. Chagua. Amlilie mwanawe, au ailie akili yake na hali anayo."

Alifuta mikono. Kisha akaingia chumbani, mimi nyuma yake. Akabandua ule utepe, akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Mama Chuma, akili yako ni nzima. Ni mimi. Nilikuwekea taarifa moja kila siku, kwenye kisanduku."

Hakuelewa. Kaka akachukua rimoti akamwonyesha: mbwa akatoka kisimani, akamrudisha nyuma, mbwa akatoka tena. Tarehe ya zamani ikaonekana pale konani, wazi kabisa. Wifi alitazama, na ule upande mzima wa uso wake ukaanza kucheka.

"Mshenzi wewe!" akasema huku machozi yanamtiririka. "Kumbe mimi mzima! Wifi, mimi mzima!"

"Mzima kabisa, wifi yangu." Nilimkumbatia tukacheka pamoja, Mungu anisamehe, nilicheka kweli.

Kicheko chake kikaisha kabla ya changu. Alimtazama mumewe, akanitazama mimi.

"Mlikuwa mnanificha nini?"

Nikasema mimi.

"Chuma, wifi. Jengo liliporomoka. Tumeshamzika."

Hakupiga kelele, wala hakuanguka kama tulivyotishwa. Alikaa anaitazama skrini, ambako yule msomaji alikuwa anaendelea na daraja lake.

"Zima," akasema.

Kaka akazima.

"Mngeniacha na wazimu wangu," akasema wifi. "Huko mwanangu alikuwa hai."