Mwanamuke Haruki

Nyinyi vijana mutakaosoma hii, kaeni vizuri kwanza, na hizo telefone muweke chini. Mi sikusoma sana. Lakini ile niliona na macho yangu, sitaki ife na mimi.

Kwetu ilikuwa kirazira, mwiko kabisa: mwanamuke haruki. Kule Masisi kwenye nilizaliwa, baba yangu alikuwa anakanyaga kichuguu kidogo, anaruka mwanzi uliowekwa juu kuliko kichwa chake. Sisi wasichana tulipiga makofi tu.

Donc, basi, wakati mujukuu wangu wa kike aliniambia chuo kikuu, kile cha kulipa, kitamusomesha bure kama atakirukia kwenye michezo na kuhamia kule bwenini na wasichana wenzake, nilikataa. "Utaacha. Utauza viazi na mimi sokoni." Alilia siku mbili. Kisha akaniomba: "Tate, bibi yangu, kuja uone mara moja tu. Ukishaona, useme."

Jumamosi nikaenda, kitenge mukononi, nimufunike miguu nimurudishe nyumbani. Kiwanjani wanafunzi walijaa, ngoma, filimbi, wengine wamejipaka rangi usoni kama wendawazimu. Kijana mumoja akanisogezea kiti.

"Mukecuru, bibi yetu, kaa huku, kivuli iko." Akanionyesha fimbo ndefu iliyolazwa juu ya milingoti miwili. "Ile pale, hakuna musichana wa chuo chetu ameshairuka."

"Ata mbuzi haiwezi," nikamujibu. Wakacheka sana.

Mujukuu wangu akatoka. Ngoma zikanyamaza. Akakimbia akizunguka kidogo, kama mutu anayekata kona, akageuka, mugongo ukaangalia fimbo. Mugongo! Akapanda, akalala pale hewani kama mutu kwenye kitanda chake. Fimbo haikutikisika.

Nimeona mulima ukitema moto, nikakimbia na watoto mugongoni. Ule moto uliniogopesha. Hii ilinisimamisha kwenye kiti, kitenge kikaanguka chini. Mungu aliweka kitu hiki ndani ya mutoto niliyemulisha mimi, na mimi nilitaka kumukalisha nyuma ya viazi.

Akakuja mbio, jasho tele. "Tate, unasemaje?"

"Vaa suweta, utashikwa na baridi."

Jioni niliita watu wote wa nyumba, watoto wangu na wake zao. Mukubwa akaanza, "Lakini mama, si wewe ulisema..." Nikamukata.

"Nilisema, nilikosea. Sokoni tutagawana zamu sisi wenyewe. Kesho asubuhi, kabla ya misa, mubebe godoro lake mumupeleke chuoni."