Iko Mugonjwa Sana

Wanafunzi wetu wa Kindu ni wepesi wa kusahau, Mungu awaongoze. Siku ya nyama kantini hawaisahau, deni la mwenzao hawalisahau, lakini neno la siri la imeli waliyopewa na chuo, hilo huwatoka kichwani kabla hawajavuka kizingiti. Likiwatoka, wanamwendea Onema.

Onema ana chumba chake nyuma ya mabweni, chenye kompyuta chache, paneli za jua juu ya bati, na feni inayohamisha vumbi kutoka kona hii kwenda ile. Kazi yake ni kuwasaidia wanafunzi wanaolala chuoni: huyu imeli imemkatalia, yule kazi yake ya mwisho wa mwaka imeliwa na virusi, mwingine amemwaga chai juu ya mashine ya mjomba wake na anataka muujiza. Si mtu mkali. Ila ana tabia moja inayowakera wengi: kila barua inayopita mikononi mwake sharti iseme jambo lenyewe. Mwombe akusaidie kumwandikia profesa kwamba ulipatwa na kizuizi, atakuuliza kizuizi gani. Ukisema malaria, ataandika malaria. Ukisema ulilala, ataandika ulilala, na wewe ukajitetee huko mbele. Wakamcheka, wakampa jina la Papa Neno-Lenyewe. Hawakujua tabia hiyo aliitoa wapi.

Zamani za vita vya Kongo, kabla ya simu hizi, Onema alikuwa mtu wa phonie. Phonie ni redio ya kusemea, sanduku la chuma lenye betri ya gari na waya mrefu uliotupwa juu ya paa, na miaka ile ndiyo iliyokuwa mdomo wa mji. Reli ilikuwa imekatika, barabara zote zina watu wenye bunduki, Kindu imezibwa kama chupa. Mwenye ndugu Kalima au Punia hakuwa na njia ya kumsikia ila kupanga mstari mlangoni kwa Abedi, mfanyabiashara wa madini na vitambaa, Mwislamu wa zile familia za tangu zamani, mtu wa mkono wazi. Phonie ilikuwa ya Abedi, ya kuulizia bei na mizigo. Ikipumzika, alimwachia Onema, mfanyakazi wake, awapitishie watu habari zao.

Sasa phonie ilikuwa na adabu yake. Ukisema, wote wanasikia. Waliopanga mstari wanasikia, askari nao wanasikia, na askari wakisikia fulani kafa, kesho wako kwako kuuliza kafa kwa risasi ya nani. Tena sisi watu wa huku hatumtupii mtu kifo usoni akiwa peke yake, amesimama, hana wa kumshika. Kwa hiyo neno "amekufa" halikupita kwenye phonie. Ilisemwa, iko mugonjwa sana. Aliyeambiwa hivyo aliinamisha kichwa, akaenda nyumbani kutandika mikeka, matanga yakaanza. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Sisi tuligeuza: tulificha kilio ndani ya maradhi, tukajiona tuna akili. Lakini jamani, aliye mgonjwa kweli tungemsemaje? Hilo hakuna aliyejiuliza.

Mke wa Onema, Philomène, alikuwa Kalima. Alikwenda kumsalimu mama yake, vita vikamkuta huko, njia ikafungwa. Mara mojamoja Onema alimsikia kwenye phonie, sauti ya mbali yenye mikwaruzo, akiuliza kama anakula, kama bado anavaa lile shati lililotoboka kwapani. Zaidi ya hapo waliona haya, maana mji mzima ulikuwa umetega masikio. Kisha asubuhi moja akaitwa na Louis, mwenzake wa phonie ya Kalima. Louis alikuwa mtu wa mzaha, lakini siku hiyo mzaha haukuwepo.

"Onema, jikaze. Philomène iko mugonjwa sana."

Onema hakuuliza. Angeuliza nini? Yeye ndiye fundi wa neno lile, alikuwa amelipitisha kwa watu wasiohesabika na kuwaona wakilipokea. Alizima redio, akaketi sakafuni, na wanawake waliokuwa kwenye mstari wakaanza kumlilia. Abedi alifunga duka. Alikata bafta nyeupe, ile nzuri ya kuweka, akasema hii ni sanda ya shemeji yangu, wala hailipwi. Siku hiyohiyo ndege ndogo ya wafanyabiashara, isiyopakia abiria, ilikuwa inakwenda Kalima kuchukua madini, na Onema alikimbia nacho kifurushi mpaka uwanjani. Rubani alimuuliza ndani mna nini. Akajibu, nguo. Hata hapo neno lenyewe lilimshinda.

Mkabala na duka la Abedi kulikuwa na famasi. Dawa ya tifoidi ilikuwemo.

Maana Philomène alikuwa hai. Tifoidi ilikuwa imemlaza kwa mama yake, na Louis alisema alichokiona, mgonjwa sana, akasahau neno hilo kwenye phonie lina maana gani. Mzigo ulipofika kutoka kwa mume wake, Philomène aliomba ainuliwe. Alitaka kuufungua kwa mkono wake mwenyewe, kwa kuwa alijua ni dawa. Mama yake ndiye aliyemsimulia Onema baadaye, vita vilipolegea na mkwe akafika Kalima kwa miguu. Alisema binti yake aliikunjua bafta, akaitazama, kisha akaikunja tena vizuri kama nguo ya kanisani. Akasema, "Kumbe amekwisha kunizika." Baada ya hapo akikalishwa hakuketi, akipewa uji hakumeza. Alipokufa walimvika sanda ileile.

Hakuna aliyemlaumu Onema, na hilo ndilo lililomtafuna. Angetukanwa walau angepata wa kubishana naye. Mama mkwe alimpikia ugali akala, akamwonyesha kaburi, akamfungia na chupa ya maji ya njiani. Hakuoa tena. Phonie zilipopitwa na wakati alijifunza kompyuta kwa watu wa misaada waliokuwa wamepanga nyumba ya Abedi, na mwisho chuo kikamchukua.

Ndipo akaja Christelle, msimu wa mvua wa mwaka jana.

Christelle ni binti wa Kalima, mwaka wa pili, analala chumba kimoja na Rachida. Mnara wa simu wa Kalima ulikuwa umepigwa na radi, siku nyingi hakuna simu inayopita. Mtu wa pikipiki aliyetoka huko akamkuta sokoni akamwambia: wenu wamekuandikia imeli ya chuo, pale parokia kwenye intaneti ya setilaiti, mbona hujibu? Imeli ya chuo! Alikuwa ameifungua siku ya kuandikishwa tu, na neno la siri lilikwisha kwenda na maji. Akaja kwa Onema mbio, viatu mkononi, Rachida nyuma yake.

Onema hakumgombeza safari hii, kwa kuwa aliviona vile viatu mkononi. Alimfungulia, akampa neno jipya la siri, barua ikatokea. Ilikuwa mstari mmoja, ya karani wa parokia, na ilikuwa imelala humo tangu majuzi. Mama yako iko mugonjwa sana. Uje.

Christelle aliteleza kutoka kwenye kiti. Rachida akapiga yowe, na kufumba na kufumbua bweni zima likajua. Hakuna aliyeuliza maana. Neno lile halikufa pamoja na phonie, lilihamia kwenye simu, sasa limo kwenye imeli. Wasichana wakamfunga Christelle kitambaa kichwani, wakaanza kuchanga. Rachida, ambaye mama yake anauza vitambaa, alikimbia sokoni akarudi na bafta nyeupe, akaiweka juu ya meza ya Onema, kando ya kibodi, ili mwenzake aondoke nayo.

Onema aliitazama ile bafta. Aliogopa, na sioni aibu kusema aliogopa: ikiwa mama amekufa kweli, yeye ndiye atakayekuwa amemtupia mtoto wa watu kifo usoni. Hata hivyo alivuta kiti, akamwandikia karani wa Kalima, huku akisoma kwa sauti anachoandika. Mama wa Christelle yuko hai au amekufa? Jibu neno lenyewe.

Kwetu kuuliza hivyo ni kukiita kifo kwa jina lake, na mtu mmoja mlangoni alinong'ona kwamba mzee huyu ana mambo ya kichawi. Christelle alimshika mkono asibonyeze.

"Papa, usiulize vile. Niachie nilie."

"Utalia, mutoto wangu. Lakini kwanza tujue unalilia nani, mutu aliyekufa ao mutu anayekungojea."

Akamweleza. Hakuwahi kumweleza mtu yeyote pale chuoni. Alieleza habari za Philomène mpaka pale alipoikunja bafta. Christelle akauachia mkono wake. Kisha Christelle akabonyeza yeye mwenyewe.

Wakangoja. Jua lilizama nyuma ya wingu na paneli zikaanza kulegea, mpaka Onema akazima kompyuta nyingine zote ili ile moja iishi. Jibu likaingia. Iko hai. Sukari imepanda, insulini imekwisha huku. Kila siku anauliza kama umesikia.

Hapo ndipo watu walikimbia kweli. Mchango wa matanga ukaenda famasi, insulini ikatiwa ndani ya termosi pamoja na barafu ya wauza samaki, na Onema akavuka mto na Christelle kwa mtumbwi mpaka Alunguli, zinakoondokea pikipiki za Kalima. Alipokuwa anamfungia mfuko aliikuta bafta imo. Mtu alikuwa ameitia kwa mazoea. Akaitoa, akaishika chini ya kwapa, akasimama matopeni mpaka pikipiki ikapotea.

Ningependa niwaambie mama alipona. Hakupona. Insulini ilimwinua, akakaa mlangoni, akacheka na jirani, lakini mguu ulikuwa na kidonda, na kidonda cha sukari hakina huruma. Majuma yalipita. Mnara wa simu ulitengenezwa, watu wakarudi kwenye simu zao, imeli ya chuo ikasahauliwa tena kama kawaida. Ndiyo maana Onema alishangaa asubuhi moja kuona barua yenye jina la Christelle.

"Papa Onema, mama amekufa alfajiri hii. Naandika neno lenyewe. Nilimulisha kwa mukono wangu mpaka siku ya mwisho, na aliniita jina nikaitika. Tunazika kesho. Ile bafta, sasa uitume."

Onema alilia. Alilia mzee mzima mbele ya wanafunzi waliokuja kutafuta maneno yao ya siri, wala hakujificha, nao hawakujua waangalie wapi. Kisha alifunga chumba, akaitoa bafta kabatini, akaifunga kwenye gazeti na nailoni, akavuka mto.

Kule Alunguli mtu wa pikipiki alikuwa anakaza kamba za mizigo, mbingu imeshakuwa nyeusi upande wa Kalima. Alikipima kifurushi kwa mkono, akauliza ndani mna nini.

"Sanda," Onema akasema. "Ya mutu aliyekufa. Usiiloweshe."