Linki Aliyoifuta Yoakimu

“Baba mdogo, mbona umeifuta hata hujaifungua?” Paskalina, wakati huo yuko darasa la sita, alimuuliza Yoakimu.

“Kafunge ndama,” alijibiwa.

Yoakimu alikuwa admini wa grupu la WhatsApp la kutafuta ng’ombe waliopotea, kuanzia Mogitu hadi Basotu. Ng’ombe akipotea, mwenyewe anarekodi sauti: rangi, pembe, alama ya sikioni. Hata bibi asiyejua kusoma alisikiliza akaelewa. Linki za mitandao mingine zilikuwa marufuku tangu jirani yao Restituta afungue moja iliyoahidi zawadi akaibiwa akaunti. Yoakimu alizifuta zote, za Facebook, za TikTok, hata za kwaya.

Wiki ile aliyepotea alikuwa mtu. Mzee Gidion, ambaye kumbukumbu zilishaanza kumtoka, aliondoka asubuhi na fimbo yake kama anakwenda kuchunga, asirudi. Binti yake Kornelia alituma sauti kwenye grupu: koti la kijivu, kovu juu ya jicho la kushoto. Alipofika kwenye fimbo akashindwa kuendelea.

Kesho yake mchana Alex, dereva wa bodaboda wa Basotu, akatupia linki ya Facebook. Linki tupu, bila neno. Ndiyo hiyo Yoakimu aliyoifuta mbele ya Paskalina.

“Alex, sheria unaijua,” alirekodi. “Kama una la kusema, sema hapa hapa.”

“Nina abiria, admini. Ungeifungua kwanza.”

“Hili siyo grupu la umbea.”

“Basi baki na ng’ombe wako,” Alex akajibu, akajitoa.

Siku ya tatu wachungaji walimkuta mzee katikati ya shamba la ngano. Alishakufa. Viatu alikuwa amevivua akavipanga pembeni.

Msibani Alex alitoa simu ikapita mkono kwa mkono, yeye mwenyewe hamtazami mtu. Picha ya ile linki ilimwonyesha Mzee Gidion kwenye baraza la duka, ameshika chupa ya soda, na chini maneno: “Nani anamfahamu babu huyu?” Mwenye duka alimkalisha siku ile mpaka jioni. Hakutokea mtu.

Kornelia aliitazama picha muda mrefu. “Soda ameimaliza,” alisema.

Yoakimu alisema sheria waliipitisha wote. Wanachama walijitoa tu, mmoja mmoja, mpaka grupu likabaki na yeye na namba mbili zisizopatikana. Akikutana na Kornelia njiani, alishuka kwenye majani ampishe.

Mwaka huu Paskalina, sasa yuko kidato cha tatu, alirudi likizo akamkuta Yoakimu anaziba ua wa zizi kwa miiba.

“Shikamoo, baba mdogo.”

“Marahaba.” Akasukuma tawi moja, akasukuma lingine. Kisha, hajaulizwa kitu, akasema:

“Ile linki uliyoniuliza. Bando langu lilikuwa la WhatsApp tu, Facebook isingefunguka. Mama yako alikuwa ndani, simu yake ina bando. Niliona aibu kumwomba, na wewe umesimama pale unaniangalia.”