Karata Thelathini za Shemeji Yangu

Nitakayoyasema hapa hamtayaamini, na mkiyaamini nitashangaa, maana hata mimi niliyekuwepo, mwenye macho mawili mazima na akili za kuazimisha majirani, kuna siku najiuliza kama niliona sawasawa. Mzee mmoja, fundi bomba, ambaye alikuwa hajui tena kipi kinatangulia kuvaliwa kati ya shati na koti, alimkinga binti yake asiuawe na joka. Joka lenyewe lilikuwa la karatasi. Msicheke kwanza.

Mzee huyo alikuwa shemeji yangu. Alimwoa dada yangu, Mungu amrehemu, wakapata mtoto mmoja tu, mpwa wangu, na huyo ndiye ninayetaka mumjue. Ni dobi. Duka lake ni chumba kimoja: meza ndefu ya kupigia pasi iliyotandikwa blanketi la kijivu, pasi mbili, waya wa kutundikia mashati, na nyuma ya pazia chumba alichokaa na baba yake. Kila nguo anayoipokea anaitia alama ya uzi ndani ya kola, kila mteja na rangi yake, mishono midogo kama ufuta. Tangu afungue hajapoteza hata soksi. Kazi hiyo nilimfundisha mimi. Haya, nilimshikia uzi.

Juu kabisa ya rafu hukaa nguo zisizofuatwa na wenyewe. Humo, ndani ya mfuko uliokuwa na koti la mvua, ndimo lilimotoka kasha la karata za mchezo. Mpwa wangu alimngoja mwenye mfuko mwaka mzima na nusu. Hakuja. Ndipo akalifungua, akakuta karata zaidi ya mia nne, zenye picha za majitu, waganga, minara na moto, na kijitabu cha sheria.

Mimi nilifika darasa la sita, nikatoka kwa hiari ya mwalimu, lakini sheria zile nilizielewa kabla yao. Si mchezo wa kulana. Wachezaji wote mko upande mmoja, adui ni kasha lenyewe. Kila zamu inafunuliwa karata ya adui: zimwi, tetemeko, na mwishoni joka. Kila mchezaji ana shujaa wake, na ana fungu lake la karata alilolichagua mwenyewe kabla ya kuanza. Karata hizo zisipungue thelathini, na karata ya aina moja isizidi tatu. Shujaa mmoja akifa, mmeshindwa wote. Ndiyo hivyo tu.

Tukawa tunacheza alasiri, akishamaliza kupiga pasi, juu ya lile blanketi ambalo bado lina joto. Mimi nilijipangia fungu la karata sitini, panga tupu, kila upanga uliokuwemo katika kasha zima.

"Mjomba," akasema mpwa wangu, "fungu lako ni kama ngazi yako ya kupakia rangi. Makopo ishirini juu, brashi hamna."

"Wivu huo."

"Karata sitini zinazogombana. Toa thelathini, ubaki na zinazojuana."

Na hapo ndipo alipokuwa fundi, sitamnyima haki yake. Alikuwa analipanga fungu kama anavyopanga nguo: hii inaita ile, ile inaifungulia njia ya tatu. Tukishindwa, hakulaumu bahati. Alizitandaza zote mezani, akauliza ipi ilikaa mkononi bila kazi, akaitoa, akajaribu nyingine. Wiki hadi wiki fungu lake likanoleka.

Shemeji naye alimchagua shujaa aitwaye Mlinzi wa Lango. Hakupenda panga. "Maji hayapigwi," alisema, "maji yanazuiwa." Akawa anakaa na ngao zake, ananingoja nijitose mbele kama kawaida yangu, kisha ananikinga huku akinisimanga. "Shemeji, mdomo wako ungekuwa bomba, ningekwisha kuufunga utepe." Tulilishinda joka mara saba. Mimi husema ishirini.

Halafu akaanza kupotea.

Kwanza ilikuwa kazini. Alikwenda nyumba moja kubadilisha koki, akaifungua bila kufunga maji ya mtaani, akasimama pale, spana mkononi, maji yakimpiga kifuani, mpaka wenye nyumba wakaja kumwondoa. Miaka thelathini na nane ya ufundi. Alirudi dukani akiwa amelowa, mpwa wangu akamvua shati, akalianika. Tangu siku ile hakuitwa tena na mtu.

Kisha ikaja mezani. Alikuwa anashika karata, anasoma mstari wa kwanza, anasoma wa pili, anarudi wa kwanza. Sisi tunangoja. Nikawa namwambia, "Shemeji, weka hiyo ya kushoto," naye anaiweka, lakini uso wake unakuwa kama wa mtu aliyevalishwa viatu na mwingine. Mpwa wangu akanifuata mlangoni.

"Mjomba, usimwambie acheze nini."

"Tutakesha hapa."

"Na tukeshe. Kila kitu anaambiwa: kula, vaa, kojoa. Nataka mahali pamoja tu ambapo mkono wake unaamua wenyewe. Asipocheza mwenyewe, basi hayupo mezani, tumemweka tu."

Hilo ndilo alilokuwa analipigania, na ndilo nililomharibia. Nitafika.

Akaanza kulitengeneza upya fungu la baba yake. Kila alasiri alitazama ni karata ipi iliyomkwamisha. Kabla usiku haujaingia karata hiyo imeshatoka, imeingia yenye maneno machache. Yenye "ikiwa" ilitoka. Yenye "isipokuwa" ilitoka. Na maneno yalipokuwa mengi hata yakiwa manne, akaleta nyuzi. Kila karata aliivalisha kifuko cha plastiki, akapitisha uzi pembeni: mwekundu ni piga, mweupe ni ponya, wa buluu ni kinga. Shemeji alikuwa ameziona nyuzi za binti yake miaka yote, ndani ya kola za watu. Herufi zilimkimbia, nyuzi hazikumkimbia. Kwa miezi mitano akacheza mwenyewe. Polepole, lakini mwenyewe. Siku moja alinikinga, akanitazama, akasema, "Utepe, shemeji," na mpwa wangu akacheka mpaka akaunguza kola ya mteja.

Sasa mimi. Mimi ni mtu wa kushinda, niliumbwa hivyo. Tulikuwa tumeshindwa alasiri kumi na moja mfululizo, kwa sababu fungu la shemeji lilikuwa limebaki laini kama uji. Nikafikiri moyoni: mzee huyu anastahili kulipiga joka mara moja tena kabla hajaondoka. Mpwa wangu alipopeleka mashati hotelini, nikalichukua fungu, nikatoa ngao tatu, nikatia Dhoruba tatu. Dhoruba ndiyo karata yenye nguvu kuliko zote kasha zima. Nikazishonea uzi mwekundu mwenyewe. Nilijiona mwerevu, jamani. Nilitembea mtaani nikipiga mluzi.

Ila Dhoruba inapiga kila kilichoko mezani. Chochote. Imeandikwa chini kabisa, na mimi nilijua, nilipanga nitamzuia asiitoe mpaka tujifiche.

Kesho yake joka lilitoka mapema. Shujaa wa mpwa wangu alikuwa amebakiza pumzi moja. Shemeji akaangalia mkononi, akaona uzi mwekundu, na uzi mwekundu maana yake ni piga adui, hajawahi kudanganywa na uzi. Akaiweka mezani kabla sijafungua kinywa. Mpwa wangu akaisoma. Akaisoma tena. Kisha akachukua karata ya shujaa wake, akaigeuza kifudifudi, taratibu, akijaribu kuificha chini ya kiganja.

Shemeji aliona.

"Nimempiga nani?"

"Hakuna, Baba. Ni mchezo."

"Nimempiga nani?" Akaufunua mkono wa binti yake kwa nguvu, akaona. "Nimemuua. Huyu nilikuwa namlinda mimi."

"Baba, nipo hapa. Nitazame."

Hakumtazama. Aliinuka, akaenda nyuma ya pazia, akakaa kitandani akiuelekea ukuta, na sauti aliyoitoa kule sitaiandika. Hapo hata mimi sina maneno ya kuongeza.

Mpwa wangu alizikusanya karata. Akaigeuza ile Dhoruba, akapitisha kidole kwenye uzi.

"Mjomba, huu si mshono wangu."

Nilikuwa na uongo tisa tayari. Hata mmoja haukutoka. Angenitukana ningepona siku ile ile, lakini aliukata tu ule uzi, akautia kwenye kopo la takataka, akarudi kwenye mashati yake.

Tangu alasiri hiyo shemeji hakumwita tena binti yake kwa jina. Sisemi ni Dhoruba. Daktari alisema ugonjwa ungefika hapo tu. Daktari hakuwepo mezani.

Wiki ya kwanza hakuja kucheza. Ya pili, hivyo hivyo. Mpwa wangu akalishusha kasha zima, karata mia nne na zaidi, akazitandaza juu ya meza, juu ya viti, juu ya marundo ya shuka za watu. Nikamkuta anachagua.

"Unatafuta nini?"

"Zinazokinga."

"Si zipo tatu?"

"Ngao ya Mwenzako zipo tatu. Lakini kuna Paa la Mawe. Kuna Mgongo wa Ndovu. Kuna Mlango Mzito. Nikipata aina kumi, tatu tatu, ni thelathini. Sheria inaruhusu."

"Kinga tupu? Bila upanga hata mmoja? Mpwa wangu, fungu hilo haliwezi kushinda hata paka."

"Nani kasema nataka lishinde?" Hakuinua macho. "Nataka asiwe na karata ya kukosea. Yoyote atakayoishika, iwe ndiyo."

Nilikaa juu ya rundo la shuka. Mtu niliyemaliza madarasa sita sikuwahi kusikia hesabu kama hiyo.

Ilimchukua siku nne. Aina ya kumi haikuonekana mpaka akaipekua tena safu nzima, akazikuta zote tatu zimenata nyuma ya karata nyingine kwa joto la pasi: Koti la Msafiri, "mfunike mmoja." Thelathini kamili, zote uzi wa buluu. Kisha akalivunja fungu lake mwenyewe, lile alilolinoa mwaka mzima, ili litoshe kupiga kwa niaba ya watu wawili. Na langu je?

"Wewe utaponya, Mjomba."

"Mimi? Mimi simba?"

"Simba wa bandeji. Leta panga zako hapa."

Nikazitoa zote. 

Hakumwita baba yake. Kila alasiri alitandaza karata, akaliweka fungu la buluu mbele ya kiti kitupu, tukacheza wawili, na zamu ya shemeji ilipofika tuliingoja kama dakika moja hivi, kisha tukaipita. Pazia lilikuwa linatikisika kidogo. Siku ya tisa nilisema mzee huyu haji tena. Mpwa wangu akasema, "Cheza."

Siku ya kumi na tatu alikuja. Nataka mjue, kabla sijaeleza, kwamba ilikuwa mara ya mwisho. Wiki iliyofuata alilala, hakuinuka vizuri tena, na kabla ya mwezi kwisha tulimzika. Fungu lile bado lipo kwenye rafu, thelathini, hakuna aliyelitenganisha. Pia tulishindwa siku hiyo. Najua mlitarajia niseme joka lilianguka. Halikuanguka.

Alikuja amevaa koti juu ya kifua kitupu. Akakaa. Akagusa uzi wa karata ya juu, akauburuzia kidole kama mtu anayetafuta mahali bomba linapovuja. Alimtazama mpwa wangu kwa adabu, kama mteja anavyotazamwa, akatikisa kichwa kumsalimu. Mpwa wangu akaitikia hivyo hivyo, kwa adabu, na mimi nikajifanya natafuta bandeji zangu.

Zamu ya adui ikaja. Joka. Likamwelekea shujaa wa mpwa wangu, ambaye alikuwa hana kitu mbele yake. Mkono wa shemeji ulikuwa na karata tano. Aliziangalia, na kwa mara ya kwanza sikutamani kumwambia lolote, kwa sababu hapakuwa na la kumwambia. Zote zilikuwa ndiyo. Alichukua moja, si ya kwanza wala ya karibu, aliichagua, akaiweka mbele ya shujaa wa binti yake, akaisukuma kwa kidole mpaka zikagusana. Kisha akainua uso, na mimi ni shahidi wa hili mbele ya Mungu, akamwita kwa jina lake, lile alilompa mwenyewe siku alipozaliwa, akasema, "Mwanangu, pita nyuma ya..."

"Mjomba."

Mpwa wangu amesimama nyuma ya kiti changu, shati la mteja begani, anasoma ninachoandika. Sijui ameanzia wapi.

"Hakuniita kwa jina. Wala hakusema mwanangu. Alisema dada."

"Msomaji hatajua."

"Mimi najua. Andika alivyosema."

Haya. Alisema, "Dada, pita nyuma yangu." Hivyo tu. Lakini aliyasema kwa ile sauti yake ya zamani ya kifundi, sauti nene, iliyotoka nje mpaka wapita njia wakasimama barabarani, na vioo vya dirisha la duka vikaanza kuti...

"Alinong'ona, Mjomba."