Kikombe cha Iodini

Baridi ya Juni hapa Iringa haina adabu, ndiyo maana muuguzi wa zahanati yetu aliweka kikombe cha iodini kwenye bakuli la maji ya moto, isitushtue mwilini. Mzee aliyenitangulia alikuwa na kidonda cha mguu kinachonuka. Muuguzi alichovya pamba, akafuta usaha, akaichovya tena pamba ileile kikombeni. Kisha akaniita anitumbue jipu la shingoni.

“Kamwene, mama,” akanisalimu kwa Kihehe. “Usiogope, haiumi.”

Wembe sikuuogopa. Niliogopa kile kikombe. Mimi ninayegombana na kila mtu sokoni nilishindwa kusema, “Sista, badilisha dawa.” Nikainama. Alipomaliza, alimwita binti yangu aliyekuja kutogwa masikio. Nikamshika kichwa atulie.