Tumbo la Monitere Ilunga

Saruji mbichi ina harufu yake, ya unga uliolowa na chuma kilichopata kutu, na kila inaponifikia puani hasira yangu huamka. Wengine wakiinusa hufikiria nyumba mpya, au baba aliyepata kiwanja. Mimi namfikiria Ilunga. Tulimwita Monitere, maana ndiye aliyewafundisha mazoezi watoto wa parokia yetu, pale mtaa wa Hewa Bora, na vyuma vyake alivitengeneza mwenyewe: alijaza saruji kwenye makopo ya maziwa ya unga, akachomeka bomba kati ya makopo mawili, akaviacha vikauke juani. Asubuhi za kipwa, wakati wa baridi kavu na vumbi jekundu linaloingia mpaka kwenye meno, alivinyanyua nyuma ya kanisa akiwa amevaa singlendi tu, sisi tukipiga meno ndani ya masweta. Kifua chake kilikuwa kama mlango wa duka. Wasichana wakubwa walikuwa wakisahau ndoo zao kwenye bomba la maji kwa sababu yake, na yeye alijua.

Mwaka huo nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na nilitaka kitu kimoja tu duniani: kusimama juu ya piramidi. Kila sikukuu ya parokia watoto wa Monitere walipandana mabegani mbele ya watu wote, na yule wa juu kabisa alinyoosha mikono huku kina mama wakipiga vigelegele. Nilikuwa mwepesi, sikuogopa kimo, na nkambo wangu, yaani bibi aliyenilea, alikuwa ameshaniahidi kunishonea blauzi ya kitambaa kilichobaki kwenye kikwembe chake, kitenge cha sikukuu. Kilichobaki ni mtihani wa tumbo. Monitere alisema, na hapo hakusema uongo, kwamba anayesimama juu hashikwi na miguu, hushikwa na tumbo. Basi alitulaza chali kwenye majani makavu, miguu imenyooka na kuinuliwa kidogo tu kutoka chini, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa na saa, muda ulipimwa kwa sala. Yeye alisali Salamu Maria tatu kwa sauti. Ukizimaliza miguu ikiwa hewani, umepita.

Ambaye hajajaribu atacheka. Ajaribu. Mwanzoni miguu haina uzito wowote. Kisha moto unawaka chini ya kitovu, mapaja yanaanza kutetemeka bila kukuuliza, na shingo inakaza kana kwamba yenyewe ndiyo iliyobeba miguu. Ilipofika zamu ya Mado, binti wa dada yake mwenyewe, Monitere alisali mbio kama mtu aliyeacha chungu motoni, hata maneno yakagongana. Zamu yangu alikumbuka ibada. Alivuta kila neno, akapumzika, akakohoa, akaangalia mawingu ambayo kipwa hayapo. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, hilo nalijua, lakini yule aliivuta mchana kweupe. Miguu yangu ilianguka kwenye sala ya tatu. Akasimama juu yangu, akasema mbele ya wote, "Tumbo yako iko laini sana. Enda kwenu, ukamusaidie nkambo yako kusonga bukari." Watoto walicheka mpaka wakaketi. Mado alicheka kuliko wote.

Watu husema hasira hasara. Mimi hasira ilinipa kazi. Kila jioni, kabla ya chakula, nkambo alisalisha rozari sebuleni, na rozari ya nkambo haikuwa ya kuharakishwa. Alikuwa mjane wa mfanyakazi wa reli, mzaliwa wa kaskazini, na alisali kama mtu anayehesabu mabehewa: halipiti la pili kabla la kwanza halijaonekana lote. Nikawa nalala kwenye mkeka nyuma ya viti, miguu hewani. Siku ya kwanza aliponiona aliuliza ni adabu gani hiyo mbele ya Mama Maria. Nikamjibu kwamba ni kitubio. Hakuuliza cha dhambi gani. Mwanzoni nilishindwa hata na sala moja, nikaumwa tumbo hivi kwamba kupiga chafya kulinitoa machozi. Lakini nilikuwa nikiitikia kwa sauti, maana nkambo hakukubali mtu anyamaze, na polepole nikagundua kwamba anayeitikia hawezi kubana pumzi, na asiyebana pumzi anadumu. Kila nilipotaka kuacha nilimfikiria Mado na meno yake yote nje, na miguu ikarudi juu yenyewe.

Jumamosi kabla ya sikukuu, mabibi wa jumuiya yetu, nkambo akiwa mmoja wao, walikuja kufagia uwanja wa kanisa. Monitere alipenda watazamaji. Alinyanyua makopo yake, akajigeuza huku na huku, kisha akatangaza kwamba atakayemshinda kwa abdo, yaani mazoezi ya tumbo, achague nafasi anayoitaka kwenye piramidi. Nikatoka mbele. Alicheka, nami nikamwacha acheke. Nilisema, "Monitere, nimekubali. Lakini nkambo ndiye asalishe." Angekataaje? Mabibi wote walikuwa wamesimama pale na mafagio, na kumkatalia mama mzee sala ni kujitafutia laana. Tukalala chini. Nkambo akaegemeza fagio ukutani, akafunga macho, akaanza.

Ee, Mungu wangu, ile sala! Haraka haraka haina baraka, na siku hiyo baraka zilikuwa tele. Katikati ya sala ya pili alifumbua macho, akamwona mvulana mmoja na kofia kichwani, akamwambia aivue. Na kwa kuwa kwake sala iliyokatwa haiendelezwi, alianza tena ya kwanza. Nikageuza shingo kumtazama Monitere. Mishipa ya paji la uso ilikuwa imemsimama. Alikuwa amebana pumzi kama anavyofanya na vyuma vyake, kifua kimejaa, mashavu yamevimba, na chini huko, kwenye tumbo ambalo hajawahi kulipa kazi, hamna kitu. Miguu yake minene ilitikisika, ikashuka, ikapanda, kisha visigino vikagonga ardhi na vumbi likaruka. Mimi nilikuwa nikiitikia. Nkambo alifumbua macho kidogo tu. Alisema kwa upole, "Monitere, tuko bado mu sala." Mabibi walishikana mabega kwa kicheko. Sijawahi kula kitu kitamu kama kicheko kile.

Lakini nafasi sikuipata. Alijikung'uta, akasema ni majani yaliyomtelezesha, si kushindwa, na kwamba piramidi ilikwisha pangwa. Sikukuu ilipofika, Mado alipanda juu, mimi nikasimama kwa watazamaji na blauzi yangu mpya. Nilimwomba Mungu amwangushe. Hakuanguka, nikakasirika na Mungu pia. Nkambo alisema tumwachie Bwana. Mimi sikumwachia mtu.

Siku hizi Kampemba, sehemu yetu ya mji, ina kumbi za mazoezi zenye vioo na muziki, na mojawapo ndiyo inayonilisha. Nawafundisha wachezaji wa mpira, walinzi, vijana wa migodini wenye mikono kama magogo. Makopo ya saruji yamekwisha, wana vyuma vya dukani, lakini ninapowalaza chali wanatetemeka vilevile kama zamani. Kipwa kilichopita aliingia mzee mmoja akijishika kiuno. Daktari alikuwa amemwambia mgongo wake utapona tumbo likipata nguvu. Aliniita mama monitere, kwa heshima zote. Nilimtambua kabla hajaketi. Nikamtajia parokia, nikamtajia nkambo, nikamtajia piramidi na jina langu, Ngoie. Miaka yote hiyo nilikuwa nimemtunzia maneno, na nilikuwa nayo yote mdomoni. Aliniangalia kwa wema, akifikiri kwa bidii, kisha akatikisa kichwa.

"Mama, unisamehe," alisema. "Batoto balikuwa bengi."

Mtenda husahau, kweli. Nikamtandikia mkeka. Nikamwambia alale chali, anyooshe miguu, aiinue kidogo tu, na asiishushe mpaka niseme basi. Kisha nikatoka uani kuwasha makaa ya chai.