Hukumu Iliyongoja Masomo

Mume wangu alipopata nafasi ya kusomea udaktari wa sheria, sote wawili tulidhani angesomea nyumbani. Tulivyoelewa sisi, mtu wa ngazi ile haendi tena darasani. Anapewa msimamizi, anafanya utafiti wake, anaandika tasnifu mpaka ikubalike. Alikuwa hakimu wa mahakama ya wilaya hapa Mwanza, kichwa kimeshaanza mvi, na alikwishatenga chumba cha nyuma cha nyumba yetu ya Ilemela kiwe cha kuandikia. Ndipo tukaambiwa utaratibu umebadilika. Kabla ya kugusa tasnifu, kila mwanafunzi alitakiwa akae Dar es Salaam mwaka mzima, ahudhurie masomo ya darasani na kuyafaulu: falsafa ya sheria, sheria linganishi, mbinu za utafiti, na semina ya kusoma kazi yako mbele ya wenzako wakuchambue. Atakayekosa wiki za mwanzo angoje mwaka mwingine.

Akafunga sanduku harakaharaka. Kesi nyingi alizimaliza kabla ya kuondoka. Moja ilibaki.

Ilikuwa kesi ya ndugu wawili, baba mmoja mama mmoja, wakigombea shamba la marehemu baba yao lililogusa ziwa. Zamani shamba lile lilikuwa la mihogo na mahali pa kuanikia dagaa, hakuna aliyelitazama mara mbili. Lakini miaka ile viwanda vya minofu ya sangara vilikuwa vinaota ufukweni, na wenye mitaji walitafuta ardhi yenye maji miguuni. Mdogo akamuuzia mmoja wao. Mkubwa, ambaye ndiye aliyekuwa akiishi pale, akaenda mahakamani. Ushahidi wote ulisikilizwa, ikabaki hukumu, na mume wangu akaondoka hajaiandika. Hakimu aliyeshika nafasi yake alisema hawezi kuwapima mashahidi ambao hakuwaona kwa macho yake. Ama kesi ianze upya, ama wamngoje mwenyewe arudi likizo. Ndugu wale wakakubali kungoja.

Mkubwa alianza kuja nyumbani kwetu Jumamosi, siku ambayo sikuwa na vipindi shuleni. Nilimkuta amekaa juu ya jiwe mbele ya nyumba, mzee mrefu, mkavu, koti limefungwa vifungo vyote ingawa jua lilikuwa kali. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia kwa sauti ya chini, akauliza mheshimiwa anarudi lini. Nikamweleza habari ya masomo, moja baada ya jingine, kama nilivyoelezwa mwenyewe. Alisikiliza kwa makini, kisha akauliza hiyo falsafa ya sheria inafundisha nini. Nikamwambia nadhani inafundisha sheria ni kitu gani hasa na imetoka wapi.

Alifikiri kidogo. "Kwani alikuwa hajui?"

Hakuuliza kwa dhihaka. Alitaka kujua.

Baada ya hapo alikuja karibu kila Jumamosi. Hakuomba chochote, hata chai alikataa. Aliuliza tu yamebaki masomo mangapi, nikimjibu anatikisa kichwa na kuendelea kukaa, uso ameuelekeza ziwani. Mwaka ule magugumaji yalikuwa yameziba ghuba nzima; kutoka kwetu ungedhani ni uwanja wa majani, na hewa iliyopanda kutoka kule ilinuka kitu kilichooza. Nilianza kuzichukia Jumamosi. Nilifua ndani, nikaanika nyuma ya nyumba, na nilipopita dirishani nilipita upande.

Katikati ya wiki moja akaja mdogo. Yeye alikuja na pikapu, shati limepigwa pasi, mkononi ana sangara mzima aliyefungwa kwenye nailoni. Nilikataa kumpokea. Alicheka, akamrudisha samaki kwenye gari bila kuonyesha kuudhika. Kisha akalitazama lile jiwe.

"Huwa anakaa hapo?" aliuliza.

Sikumwuliza alijuaje. Nilisema ndiyo.

"Mwambie mheshimiwa asome bila wasiwasi, shemeji. Mimi sina haraka. Aliyenunua ameshaanza kuleta mawe ya msingi."

Likizo ilipokaribia, mume wangu alipiga simu shuleni kwetu. Mwalimu mkuu alinipisha ofisini kwake nikazungumza peke yangu. Mume wangu alisema haji. Amefeli mbinu za utafiti, na mtihani wa kurudia unafanyika likizo ileile. Akifeli tena anaondolewa kabisa. Nilikuwa sijawahi kuisikia sauti yake ikiwa vile. Huyu ni mtu aliyewahukumu watu miaka na miaka, na sasa alikuwa ananong'ona kama mwanafunzi wangu aliyepigwa na wenzake. Nilimwuliza habari ya ile hukumu. Akasema jalada liko mahakamani Mwanza, hawezi kuandika hukumu ya kichwani. Nikamwambia wale ndugu wananitisha. Akasema nisiwafungulie mlango.

Jumamosi ilipofika, ilinibidi mimi nimwambie mzee.

"Amefeli?" aliuliza.

"Ndiyo, mzee. Anarudia mtihani."

Alinyanyuka pale jiweni, akakung'uta koti. "Basi na sisi tumefeli naye," akasema, akateremka bila kuaga.

Jumamosi iliyofuata hakuja. Nilipaswa kupumua, lakini nilichungulia nje mara nyingi kuliko siku alizokuja. Siku chache baadaye, sokoni, nikasikia wavuvi wamemkuta mdogo wake amekufa ndani ya magugumaji, jirani na lile shamba, ana jeraha kisogoni. Wengine walisema alikuwa amelewa akateleza kwenye mawe. Wengine hawakusema kitu, walinunua mboga zao wakaondoka.

Jumamosi mzee akaja. Alikaa palepale, kichwa amenyoa kwa ajili ya msiba. Nilishindwa kujifungia, nilitoka nikampa pole.

"Asante, mama," alisema. "Mwambie mheshimiwa asome taratibu. Ile hukumu hatuihitaji tena."

Polisi walipopita nyumba hadi nyumba kuuliza, niliwaambia maneno yale kama nilivyoyasikia, bila kupunguza wala kuongeza. Walimkamata, wakamweka rumande, na baada ya miezi kadhaa wakamwachia kwa kukosa ushahidi. Hakukuwa na aliyeona kitu. Maneno peke yake hayakutosha, na mimi mwenyewe, nikiyarudia kichwani, nilisikia mara muuaji, mara mzee aliyefiwa.

Alipotoka alikuja kupiga hodi. Safari hii alifika mpaka kizingitini.

"Nimesikia uliwaambia polisi maneno yangu."

"Ndiyo, mzee."

"Uliyasema kama nilivyoyasema?"

"Kama ulivyoyasema."

"Vizuri." Alinitazama kwa muda, macho hayana hasira wala kingine nilichoweza kukisoma, kisha akaenda zake. Nilifunga mlango kwa komeo nikakaa sakafuni.

Mume wangu alifaulu mtihani wa kurudia, akamaliza mwaka wake wa darasani, akarudi amekonda. Niliomba tuhame, naye akaomba uhamisho bila kubishana. Tukiwa tunafungasha vyombo nilimwuliza angempa nani lile shamba. Aliendelea kuzungushia magazeti sahani aliyoishika.

"Mkubwa," alisema. "Niliamua siku ileile shahidi wa mwisho aliposhuka kizimbani. Ilibaki kuandika tu."

Nilimpa sahani nyingine, akaipokea, tukaendelea kufunga.